Dirisha la Bwalo

Kalunde, barua yako imefika na treni ya Jumanne
imekunjwa mara nne, kama noti ya mahari.
Unauliza njia ya kuufikia uafisa
nawe uko mwaka wa pili chuoni, hesabu zinakutoa jasho.
Mimi nilikuwa mpishi. Miaka ishirini na sita, hapa hapa Tabora,
niliwatazama maafisa kupitia dirisha la bwalo,
upana wake sinia mbili.
Nitakwambia yaliyopita hapo.
Mengine waulize wenye nyota.

Maliza hesabu.
Najua ulitaka niseme kimbia.
Alikuja luteni mmoja, kifua cha fahali, sauti ya honi,
akashindwa kuugawa mchele wa watu mia na kumi na mbili
kwa siku tisa porini.
Siku ya saba tukala michembe yangu ya Sikonge
niliyoibeba kwa ajili ya tumbo langu mwenyewe,
naye akala, macho kwenye sahani.
Ya mizinga siyajui. Ya mchele nayajua.

Lakini kimbia pia.
Ukija likizo, toka nyumbani Isevya gizani,
kabla jua la Oktoba halijayashika mabati.
Kimbia pasipo na wa kukupigia makofi.
Buti mpya zivae ndani ya nyumba wiki mbili,
uoshe nazo vyombo, ugombane nazo na mama yako,
na soksi uzipake sabuni kavu kisiginoni.
Hili halimo kwenye kitabu chochote.

Na lile jino la nyuma unalolidanganya kwa asali,
nenda Kitete likang'olewe sasa.
Kwa daktari wa usaili hakuna shangazi.

Halafu vyeti. Cha kuzaliwa kinasema Karunde,
cha kidato cha nne kinasema Kalunde.
Sisi tunacheka, ulimi wetu ndio huo,
lakini karani wa getini hachekagi.
Herufi moja, mwanangu, nimeiona ikimrudisha kijana
na sanduku lake kichwani, mvua inanyesha.

Atatokea mtu, amechomekea vizuri, simu mbili mkononi,
atasema nafasi yako anayo, lete laki nane.
Mpe maji ya kunywa, aende zake.

Wa kumwiga? Sijui. Nitamtaja mmoja.
Kapteni Sijaona Mlekwa alikuwa mfupi,
kwata yake ya kawaida, bunduki alilenga kama sisi.
Ila alikuja dirishani wa mwisho, kila siku,
sufuria ikiwa imeshaanza kutoa sauti ya mwiko,
akauliza, "Nyamizi, wewe umekula?"
Nilimdanganya mara nyingi. Alijua.
Siku alipohamishwa, watu walijaa stesheni
na hakuna aliyeamriwa.
Treni ilichelewa saa sita. Hawakuondoka.

Sasa nikwambie ambalo mama yako halijui.
Na mimi niliwahi kuijaza ile fomu.
Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwandiko mzuri,
nikaificha kwenye kopo la unga nikisubiri ujasiri,
nao ujasiri ukawa kila mwezi una udhuru.
Nilipoifungua, wadudu walikuwa wameila sahihi,
jina limebaki.
Sikulia. Niliuchekecha unga, nikapika.

Kwa hiyo usiniandikie tena kuuliza kama unafaa.
Niandikie umepeleka lini.
Wakikukataa, niandikie hilo pia, na tarehe ya kurudia.

Nimemkabidhi Mihambo wa behewa la tatu kifurushi:
matobolwa, chupa ya asali, na kipande cha sabuni.
Asali ni ya chai, sio ya jino.
Sabuni ni ya soksi.
Usiifulie.